Tunda Bichi Mfukoni mwa Baba

Kijijini kwetu, upande wa Gakindu, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kila mtu alikubali kwamba ni mbaya, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Walevi walikuwapo, wezi wa kuku walikuwapo, na mmoja alikuwa amemfukuza mama yake mzazi, lakini hao wote walikuwa na siku yao ya kusamehewa, hasa wakiokoka. Baba hakuwa na siku hiyo. Alikuwa homugadi, mgambo wa wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni, miaka ya Hali ya Hatari, na baada ya Uhuru akapewa kazi ya ukaguzi katika kiwanda cha kahawa. Kwa hiyo waliomchukia kwa sababu ya kwanza walipata na sababu ya pili ya kuwatosha wiki nzima.

Mtu mwema naye alikuwapo. Alikuwa jirani yetu wa chini, upande wa mtoni, ambako shamba lina mawe na mteremko mkali hata mbuzi anafikiria mara mbili. Wakati mashamba yalipogawanywa upya, yeye alikuwa amewekwa kizuizini na wakoloni, na wasiokuwapo waligawiwa mabaki. Alikaa kizuizini miaka sita. Alirudi na mguu mmoja unaoburuta na hakuwa ametaja jina la mtu hata mmoja. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu. Sikukuu za serikali zilipofika, chifu alimketisha kiti cha mbele, na watoto wangu wa darasa la tatu walimwimbia. Mimi ndiye niliyewafundisha wimbo huo, maana nilikuwa mwalimu wao, na niliufundisha vizuri makusudi ili baba asikie.

Siku za kupeleka kahawa zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Mvua ilikuwa inapenda siku hizo. Watu walichuma tangu asubuhi, na alasiri kila familia ilibeba magunia mpaka kiwandani, ikamwaga kahawa yake juu ya turubai, ikapiga magoti na kuchambua: matunda mekundu upande huu, mabichi upande ule, yaliyokauka na yenye ugonjwa kando. Halafu mkaguzi alipita. Akisema "pitisha," unakwenda kwenye mizani na unarudi nyumbani kupika. Akisema "rudia," unapiga magoti tena. Mkaguzi mwenye roho nzuri huona tunda bichi moja au mawili na kugeuza macho. Baba aliyaona yote.

Na ya jirani aliyaona hata kabla hayajamwagwa.

"Wee mzee," alikuwa akisema, mikono nyuma, koti lake la kaki limefungwa vifungo vyote, "hii kahawa yako iko na mbichi mingi. Ati ulichuma na macho ama ulichuma na matako?"

"Nilichuma na mkono," jirani alijibu bila kuinua kichwa. "Hii mkono yangu haijawahi shika bunduki ya mzungu."

"Rudia."

"Nitarudia. Niko na wakati. Mimi nilifundishwa kungoja na watu kama wewe."

Walizungumza hivyo, kwa Kiswahili, ingawa sisi sote pale tulikuwa Wagikuyu na hata mizani ilisomwa kwa Kigikuyu. Kulikuwa na sababu. Kwa desturi yetu, wanaume waliotahiriwa pamoja ni zaidi ya ndugu. Ukimtukana mwenzako wa rika, wazee wanakutoza mbuzi, na mbuzi huyo analiwa na rika zima wewe ukitazama. Sasa baba na jirani walikuwa wametahiriwa asubuhi moja, baada ya kusimama bega kwa bega ndani ya maji yaleyale ya mto. Dawa waliyoipata ni Kiswahili. Wazee waliamua, sijui katika kikao gani, kwamba tusi la Kiswahili halina mbuzi. Baba alikuwa amejifunza lugha hiyo kambini kwa askari, na jirani alijifunza kizuizini, upande wa pili wa ua wa seng'enge. Walitukanana miaka kumi na miwili bila hasara yoyote.

Watu walisema baba anataka kumuua. Walisema hadharani, hata mbele yangu. Mwanamke mmoja aliniambia tukiwa kwenye foleni, "Mwalimu, baba yako atamtoa roho huyu mzee juu ya hili turubai, wewe ngoja tu." Nami niliamini hivyohivyo. Nilimwona jirani amepiga magoti kwenye matope, mguu mbovu umenyooshwa pembeni, watu wote wamekwisha kwenda, na nilimchukia baba kwa chuki ya mtoto aliyesoma, ambayo ni chuki mbaya sana kwa sababu ina maneno.

Lakini lazima niseme na lile lingine, ambalo wakati huo nililiona bila kulitilia maanani. Kahawa yetu sisi haikukaguliwa na mtu. Nani angekagua kahawa ya mkaguzi? Mama na mimi tuliimwaga mwisho kabisa, kijana wa mizani akaangalia pembeni, ikapita. Isipokuwa jirani alikuwa bado yupo, kwa kuwa alikuwa amerudishwa. Aliinuka, akaja polepole akiburuta mguu, akainama juu ya turubai letu, akachukua tunda moja kwa vidole viwili na kuliinua juu.

"Na hii? Hii imeiva kwa macho ya nani?"

Baba alivimba shingo, lakini alivua kofia, akapiga magoti, akachambua. Hakuwahi kukataa hata mara moja. Ndivyo walivyobaki wawili hao kila Jumanne na Ijumaa, kila mmoja kwenye turubai lake, mpaka mashine ya kumenya ikakaribia kuzimwa. Kisha walipanda njia ileile kwenda nyumbani, jirani mbele, baba nyuma hatua ishirini, bila neno. Mama na mke wa jirani walikuwa wametangulia zamani wakipiga soga. Wanawake hao walipalilia pamoja na kuazimana vyungu miaka yote hiyo. Hawakuwa na nafasi ya uadui, walikuwa na kazi.

Mwaka ambao nataka kuusimulia, jirani alianza kukonda. Kwanza aliacha kula nyama kwenye sherehe, akasema meno. Kisha akaacha githeri ya mahindi na maharagwe, akasema tumbo. Mwishowe mke wake alimwambia mama ukweli: koo limefunga, hata uji lazima uchujwe, na madaktari wa hospitali kubwa ya Nyeri mjini wamesema arudi nyumbani akae na watu wake. Mama alituambia tukiwa tunakunywa chai. Baba aliweka kikombe chini na kutoka nje.

Baada ya hapo alianza kuniuliza maswali ya ajabu. "Yule mtu anakula nini siku hizi?" Nikamwambia uji. "Uji wa nini?" Wa wimbi. "Wanachuja na kitambaa ama na kichujio?" Niliona ni udhalimu. Niliona anahesabu siku zilizobaki kama mtu anayengoja shamba la jirani liuzwe. Nilimwambia, "Baba, kama unataka kujua, nenda ukamtazame." Hakwenda. Asingeweza kwenda, na mimi nilijua hilo nilipomwambia.

Jirani aliendelea kuja kiwandani. Kahawa haingoji mgonjwa. Alikuja na mke wake, gunia nusu, kisha robo. Mshipi wake alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari, na ncha iliyobaki ilining'inia mpaka pajani.

Ijumaa moja alimwaga kahawa yake na kuanza kupiga magoti, taratibu, ameshika bega la mke. Baba alifika. Sote tulisogea karibu. Kahawa ile ilikuwa chafu, sitasema uongo. Ilikuwa na mabichi, ilikuwa na majani, ilikuwa kazi ya mtu ambaye macho yake yamechoka. Baba aliitazama kitambo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia:

"Pitisha."

Mke wa jirani alianza kukusanya haraka kabla baba hajageuza nia. Mtu fulani nyuma yangu alisema "Asifiwe Bwana." Hata mimi nilifikiri, angalau amekuwa mtu.

Jirani alimshika mke wake mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika, na haukuwa uso wa shukrani. Aliinuka peke yake, sijui kwa nguvu gani, na kwa mara ya kwanza kwenye turubai lile alisema na baba kwa Kigikuyu. Alimwita kwa jina la rika lao.

"Miaka yote hii umekuwa unanirudisha," alisema. "Leo ndiyo unanipitisha? Umeshanizika? Umeona mtu gani hapa, ama umeona maiti?"

Baba alitazama turubai.

"Mimi sijafa. Nikifa utaambiwa. Kagua kahawa yangu."

Alipiga magoti, akaitawanya tena kahawa iliyokuwa imekusanywa, akachambua. Ilimchukua muda mrefu sana. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, hata mke wake alisimama kando na mikono kichwani. Baba alisimama palepale mvua ikimnyeshea, na kazi ilipokwisha alitikisa kichwa tu kuonyesha mizani. Jioni hiyo walipanda mlima kama kawaida, lakini baba alikuwa nyuma sana, zaidi ya hatua hamsini.

Hakula. Alikaa jikoni karibu na moto, jambo ambalo wanaume wa umri wake hawakulifanya, na mama akaona vema aende kufunga ndama. Nilibaki naye. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane na nilikuwa nimechoka kumwogopa.

"Baba," nikasema, "wewe unataka afe?"

Nilitarajia kofi. Alichukua kuni moja akaisukuma ndani.

"Unajua gunia?" akaniuliza.

Nilijua. Kila mtu wa umri wangu alijua. Miaka ile ya Hali ya Hatari, watu walipangwa mstari, na pembeni alikaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kila mtu alipita mbele ya gunia. Gunia likitikisa kichwa kukubali, umekwenda.

"Yeye alipopita, mimi ndiye niliyekuwa ndani," baba alisema. "Nilikubali. Alitazama chini akaona miguu yangu. Kidole changu hiki kimepinda tangu utoto, tulikuwa tukichekeana nacho mtoni. Akajua ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtoto wa shule aliyevunja dirisha, na najuta sauti ile mpaka leo.

"Niliogopa. Kile kiapo cha wapiganaji alichokula, tulikula pamoja, siku moja, tumeshikana mikono. Nilifikiri nikimtanguliza yeye hawatanitazama mimi." Alikitazama kidole chake. "Miaka sita walimpiga wakimuuliza alikula na nani. Alikuwa na jina langu mdomoni miaka sita, hakulitoa. Alirudi akiwa nalo. Hakumwambia hata mke wake."

Moto ulitoa moshi, tukajifanya machozi ni ya moshi.

"Wakati huo nilitaka aondoke. Hilo nakubali. Nilitaka mahali ambapo hanitazami. Lakini kufa, hapana. Sijawahi kutaka afe, hata siku moja. Watu wote hapa wananiita mbaya lakini hawajui ubaya wangu, wanakisia tu. Yeye anaujua. Akishakwenda, mimi nitakuwa nimejulikana na nani?"

Nilikuwa nimesomea ualimu, na nilichofanya ni kusukuma kuni ndani kama yeye. Baadaye aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Leo nimemkosea, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, baba, umemkosea.

Jumanne iliyofuata nilimwona asubuhi na mapema amesimama chini ya mti wa kahawa ulio karibu na lango letu. Alichuma tunda moja la kijani, gumu, akaliangalia, akalitia mfukoni mwa koti. Nilifikiri ni ugonjwa wa kahawa anaochunguza, nikaenda shule.

Alasiri jirani alikuja. Hakuweza kutembea bila kushikwa na watu wawili. Kahawa yake ilikuwa debe moja tu, na ilikuwa safi. Mke wake na binti zake walikuwa wameichambua nyumbani, na wakaichambua tena pale, hata jani halikuwamo. Ilikuwa nyekundu tupu, kahawa nzuri kuliko zote zilizoletwa siku hiyo. Watu walikuja kuitazama. Nilimwona baba anainama, anaizunguka, anainama tena, na nikaelewa shida yake: hapakuwa na kitu cha kurudisha.

Aliingiza mkono mfukoni kama mtu anayetafuta leso. Kisha akapitisha mkono huo juu ya kahawa na kuipekua.

"Wee mzee," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya zamani, kubwa, ya kuudhi. "Na hii ni nini? Ati hii ni kahawa ama ni pilipili hoho?"

Alikuwa ameshika tunda la kijani.

Mke wa jirani alipiga kelele kwamba haiwezekani, kwamba wamechambua mara mbili. Watu walianza kunguruma. Nilisikia neno "shetani." Mimi, niliyeliona likitiwa mfukoni asubuhi, nilikumbuka kwamba miaka ile askari walikuwa wakimtilia mtu risasi moja mfukoni na kuiokota wenyewe, na risasi hiyo moja ilitosha kumnyonga. Sasa homugadi wa zamani anamtilia mtu anayekufa tunda la kahawa. Kama wangejua walichokuwa wanakiona wangempiga mawe.

Jirani alinyoosha mkono, akaletewa tunda lile kiganjani. Aliligeuza. Mashamba ya chini mtoni hutoa matunda madogo, na lile lilikuwa nene, la udongo mzuri wa juu, wa shamba letu ambalo lingekuwa lake kama asingekuwa kizuizini. Alilitazama, akamtazama baba. Halafu akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti kwa sababu koo halikumruhusu, mabega tu yanatikisika.

"Kweli," alisema, na ilibidi tusogee kumsikia. "Iko mbichi. Macho yangu imezeeka."

"Rudia," baba alisema.

"Nitarudia. Niko na wakati."

Walimshusha akaketi chini kwenye turubai. Alipitisha vidole kwenye kahawa ile safi, tunda kwa tunda, bila haraka, akiwa amelifumba lile bichi katika mkono mwingine. Sisi tulipomwaga yetu aliinua kidole, na mama akaipeleka kahawa karibu naye ili asiinuke. Alipata matunda matatu mabichi. Baba alivua kofia na kupiga magoti kando yake. Walichambua hivyo, goti karibu na goti, na wakati wa kuondoka baba hakubaki nyuma. Alimshika upande mmoja wakapanda mlima. Mimi nilikuwa nyuma yao na nilisikia wanatukanana kwa Kiswahili mpaka kwenye njia panda.

Jirani hakuja tena. Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Mke wake alimwambia mama kwamba walipomwosha walikuta tunda la kahawa lililokauka kwenye mfuko wa shati, wakalitupa.

Mazishi yalikuwa makubwa, magari yalikuja hata kutoka Mukurweini na Nyeri mjini. Chifu alisema, mchungaji alisema, watoto wangu waliimba. Mzee mmoja alisema kuna mtu hapa kijijini ambaye leo amefurahi, na watu wakaitikia kwa miguno. Baba alikuwa amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Watu waliitwa kwa makundi kutia udongo: familia, kanisa, waliokuwa kizuizini, kisha rika lake. Rika lilipoitwa aliweka mguu mmoja mbele. Wazee wawili waligeuka wakamtazama. Akaurudisha. Nilikuwa na watoto thelathini wa kuangalia na sikwenda kusimama naye, ingawa ningeweza.

Ijumaa iliyofuata alikagua kahawa ya watu wote bila kumrudisha mtu. Walifikiri ametosheka. Mwishoni alichukua gunia letu mwenyewe, akalimwaga juu ya turubai, pale ambapo jirani alikuwa akiketi, akavua kofia na kungoja.

Kijana wa mizani alisema, "Mzee, ya kwako ni safi. Lete tupime."

"Angalia."

"Nimeangalia."

"Hujaangalia."

Kijana alicheka kwa aibu, akaenda kufunga mlango wa ghala. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Baba alibaki amesimama juu ya kahawa yake kama mwanafunzi aliyeambiwa asimame mpaka mwalimu arudi. Sikuweza kuvumilia. Nilipiga magoti, nikapekua, nikapata tunda moja bichi, nikaliinua kwa vidole viwili.

"Baba," nikasema, "na hii? Hii imeiva kwa macho ya nani?"

Alilichukua. Alilitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Asante," alisema. "Lakini wewe ni mtoto wangu. Wewe hata ukinirudisha, utanipitisha."

Akapiga magoti, akachambua kahawa ile yote peke yake, mpaka mashine ikazimwa.